Maandishi ya Mgongoni

Isecheno, 3 Februari 2025

Kwako Senje Jael,

Natumaini mguu wako umepata nafuu na kuku wanataga. Sisi tu wazima, baba anakusalimu. Naandika kwa sababu kwenye simu wewe husikii na mimi sisemi.

Ile kazi ya utafiti niliipata. Tunatafuta kwa nini wajawazito huchelewa kwenda kliniki, wengine hadi mwezi wa saba. Nina orodha ya akina mama thelathini, fomu, na fulana ya kijani iliyoandikwa mgongoni UTAFITI WA MAMA MJAMZITO. Kwa wiki mbili nimewahoji wanne tu. Wengine wakiniona wanafunga mlango. Msimamizi wetu, Protus, anasema mimi ni mwoga, nibishe kwa nguvu. Nimebisha hadi vidole vinauma.

Mmoja alijificha nyuma ya migomba. Jina siwezi kukutajia, tuliapishwa. Lakini niliiona miguu yake, imevimba hadi ndala hazimtoshi. Nifanye nini?

Mtoto wako,
Gentrix

Bukura, 8 Februari

Gentrix, mtoto wa kaka yangu,

Salamu zimefika. Mguu ni ule ule, na kuku wamegoma.

Nilicheka, kisha nikakasirika. Nani aliwashonea hiyo nguo? Mimba ya mwanangu Hezekiah niliibeba miezi mitano kabla mama mkwe hajajua, na tulikuwa tunapika jiko moja. Mimba changa haitangazwi. Ikiharibika, watu wanaanza kutafuta wa kulaumiwa. Sasa wewe unaingia boma la mtu mchana na tangazo mgongoni, majirani wote wasome.

Vua hiyo kitu. Pitia jikoni, shika mboga, chambua naye. Usiulize neno mpaka yeye akuulize. Na huyo wa miguu usimcheleweshe. Miguu ikivimba hivyo na kichwa kikiuma, anahitaji hospitali, si fomu.

Senje yako

Isecheno, 12 Februari

Senje mpendwa,

Hujambo, na mguu? Mimi mwili ni mzima, moyo umechoka.

Ilinichukua siku mbili kufungua mdomo mbele ya Protus. Akasema, "Bila fulana wewe si mtafiti, ni mgeni tu." Ameandikia ofisi ya Nairobi, tunangoja jibu. Jana nilipita kwa yule dada wa miguu nikiwa nimeivaa. Alizima redio ili nidhani hayupo. Nilisimama nje nikilia kwa hasira.

Mtoto wako,
Gentrix

Bukura, 15 Februari

Gentrix,

Salamu baadaye. Unangoja Nairobi ikuruhusu kuchambua mboga?

Senje

Isecheno, 4 Machi

Senje wangu,

Nisamehe kwa kimya. Natumaini mguu unakubali kutembea, maana kuna mtu anataka kukuona.

Barua yako ilipofika nilikunja fulana nikaitia kwenye mfuko wa sukari, nikapitia nyuma. Alikuwa anachambua mboga za mitoo. Nikakaa, nikachambua. Tulifika nusu ya ungo kabla hajasema, "Wewe si yule wa kijani?" Nikasema ndimi. Akasema, "Kichwa kinaniuma tangu Jumapili. Naona nyota mchana." Sikufungua fomu. Niliita bodaboda, nikampakia, nikapanda nyuma yake nikimshikilia.

Daktari alisema presha ilikuwa juu sana, siku mbili zaidi na tungewazika wote wawili. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, msichana wa kilo moja na nusu. Jana wametoka hospitali. Yule dada mwenyewe ameniruhusu nikutajie jina lake: ni Mitchel. Anataka kumwona huyo senje wa mboga.

Protus amenipa onyo kwa kwenda bila sare. Na jibu la Nairobi limefika. Wamesoma malalamiko kwamba akina mama hawatupokei, wakatuma fulana mpya. Maandishi yamekuzwa ili tutambulike kwa mbali. Mbele pia yapo.

Nimeigeuza ndani nje na kuivaa hivyo. Protus aliangalia, akashika kichwa. Kwa wiki moja nimewahoji akina mama kumi na mmoja.

Mwisho wa fomu kuna mistari mitatu ya maoni ya mhoji. Senje, mimi ambaye darasani sikuwahi kuinua mkono, nimeijaza yote, nikageuza karatasi, nikaendelea mgongoni.

Mtoto wako,
Gentrix