Sufuria la Njano la Kilo Ishirini na Nne

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, San Pedro de Macorís
Jumanne, tarehe 16 Julai 2019, saa tatu asubuhi

Jina: Eligio Mota Severino
Umri: Miaka 53
Kazi: Fundi wa kunyoosha bodi na kupaka rangi magari
Makazi: Mtaa wa Placer Bonito, nyumba iliyo nyuma ya kinyozi
Mwandishi wa maelezo: Sajenti Altagracia Peguero

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa hiari yangu, sikuitwa na mtu. Nimekuja na kitu kimoja ndani ya gari, nami nimemkabidhi Sajenti Peguero kabla sijaanza kusema. Sajenti ameniagiza niseme kwa ufupi na nisitie utani. Ufupi nitaujaribu.

Mimi ni mwanachama wa kikundi cha mazoezi kinachoitwa Chuma na Kutu. Vijana wetu wawili watatu ndio chuma. Waliobaki, nikiwemo mimi na tumbo hili Sajenti analoliona, ni upande wa pili wa jina. Tunakutana alfajiri katika uwanja wa ghala la zamani la sukari, na mwalimu wetu ni Leandro Caraballo, ambaye mmemweka ndani tangu Jumapili. Sisi tunamwita Profe.

Hatuna mashine zile za kung'aa. Tuna matairi ya trekta, tunayapindua. Tuna nyundo kubwa, tunayapiga nazo matairi yaleyale. Tuna kamba nene ya meli tunayoichapa chini hadi mabega yawake moto, magunia ya mchanga ya kukimbia nayo, na tuna masufuria.

Masufuria nayatengeneza mimi. Namimina saruji ndani ya sufuria moja kuukuu lililokuwa la marehemu mama, nachomeka mpini wa nondo iliyokunjwa, na ikikauka naligongagonga mpaka donge litoke. Kwa kuwa la kumiminia ni hilohilo moja, madonge yote yanatoka na ukubwa mmoja. Uzito unatokana na nilichochanganya ndani, kama ni kokoto nyepesi au vipande vya chuma vya gereji. Kwa macho huwezi kuyatofautisha, ndiyo sababu nayapaka rangi. Meupe ni kilo kumi na mbili, ya njano kumi na sita, mekundu ishirini na nne. Uwanjani hakuna mizani wala hakuna anayeuliza. Mtu akiona njano anajua amebeba nini. Wote wameniamini hivyo tangu tulipoanza.

Wascar Encarnación, aliyelazwa hospitali, ni kompadre wangu. Nilimsimamia binti yake ubatizo, na yeye akamsimamia wangu. Ni dereva wa lori la barafu, ana miaka hamsini na mitano, na tumetaniana tangu tukiwa watoto wa kuokota mipira ya watu wengine. Alipoingia kikundini alianza na jeupe. La njano lilimchukua mwaka mzima, na alipolizoea alilitembeza mtaani begani kama mtoto wa kwanza, akamwonyesha hadi padri.

Ijumaa tarehe 12 jioni tulikuwa tukicheza domino mbele ya duka la jirani. Wascar alisema, watu wakisikia, kwamba la njano sasa ni la mabibi, na kwamba Jumapili ataomba jekundu. Nilimwambia jekundu litamvunja mgongo na Nereida, mkewe, atanidai mimi. Akasema mimi nina wivu kwa sababu bado nahangaika na jeupe. Hilo ni kweli. Watu walicheka sana, na mimi nilicheka nao, lakini niliondoka pale nimeshapanga.

Jumamosi tarehe 13, mnamo saa nane mchana, nilikuwa peke yangu gereji. Nilichukua sufuria jekundu moja nikalipaka njano. Nililipiga mikono miwili ya rangi, nikalikausha kwa taa, kazi safi kuliko niliyomfanyia mteja yeyote wiki hiyo. Nia yangu ilikuwa Wascar alinyanyue, ahangaike, atoe macho, halafu tukiwa kwenye chai ya asubuhi nimwambie mbele ya wote kwamba jekundu ameshalionja. Niliona ni zawadi. Nilikuwa nacheka peke yangu hata mke wangu akaja kuuliza nina nini.

Sajenti ameniuliza kama kuna mtu mwingine aliyejua. Hakuna. Profe hakujua.

Jumapili tarehe 14 nilifika uwanjani saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya wengine. Nililiweka sufuria lile mwisho wa mstari karibu na ukuta, mahali ambapo Wascar huchukua lake kila siku. Joto lilikuwa limeshaanza. Tulikuwa watu kumi na wanne. Tulipindua matairi, tukapiga nyundo, tukakimbia na magunia, na mnamo saa moja kasorobo tukaingia kwenye Mnyororo.

Lazima nieleze Mnyororo. Tunasimama duara, kila mtu na sufuria lake, tunabembeza kwa pamoja kutoka katikati ya miguu hadi usawa wa kifua. Kila mmoja anahesabu kumi kwa sauti, kisha jirani yake anapokea, mpaka duara lizunguke lote. Mtu mmoja akishusha chini, wote tunaanza upya. Sheria hii hakuitunga Profe. Yeye aliikataa, akasema itawafanya watu waogope aibu kuliko maumivu. Tulipiga kura tukamshinda. Mimi nilinyoosha mkono wa kwanza.

Wascar alinyanyua. Nilikuwa nimesimama mkabala naye ili nisikose kuona. Mara ya kwanza sufuria lilimvuta mbele akapiga hatua moja. Aliliangalia. Akafungua kiganja akakifunga, kama mtu anayejaribu kama mkono ni wake. Akaendelea. Mimi nilikuwa nauma mdomo kwa kicheko.

Nilimuuliza kama sufuria lake leo limelala na supu ndani. Wakacheka. Kwa kawaida angenirudishia neno ambalo lingenikalia wiki nzima. Safari hii aliendelea kubembeza tu, na hapo ningepaswa kushtuka.

Hesabu ilipofika kwa mtu wa tisa, Yokasta, yule msusi, alishusha lake. Akaomba radhi, akasema afadhali tumpige kuliko kumwangalia hivyo. Tukaanza upya. Nilimwona Wascar akifunga macho aliposikia "upya". Wakati huo alikuwa ameshabembeza karibu mara tisini, na kila mara kilo nane zaidi ya alizodhani.

Mzunguko wa pili, Profe alitoka katikati ya duara akaenda kusimama mbele yake. Nilisikia kila neno, maana ni hatua chache tu.

Profe alimwambia, "Shusha, mzee wangu. Uso wako siupendi."

Wascar akasema, "Hili ni la njano, Profe. La njano silishushi."

"Nimesema shusha. Mnyororo mimi nitaufuta leo."

Wascar akatikisa kichwa. Profe akanigeukia, kwa sababu anajua mimi ndiye Wascar humsikiliza. Akasema, "Eligio, mwambie kompadre wako."

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Neno lilikuwa moja tu, na sikuhitaji hata kueleza, ningesema tu "ni jekundu" na yeye angelitupa chini na kunitukana mpaka kwa babu yangu, na leo tungekuwa bado tunacheka. Lakini niliona bado mapema, utani haujaiva, nataka ufike kwenye chai. Nikasema hivi, na naomba Sajenti aandike kama nilivyosema:

"Mwache, Profe. Si alisema la njano ni la mabibi?"

Watu wakacheka. Wascar akafungua macho akaniangalia, akakaza mpini. Profe alinyoosha mkono kulishika sufuria, lakini lilikuwa linapanda, akarudi nyuma lisimpige. Wascar alibembeza tena mara kama nne au tano. Kisha akakaa chini polepole, kama mtu anayetafuta kiti gizani, na sufuria likabingirika hadi miguuni pangu.

Profe alimlaza, akamkandamiza kifua bila kupumzika hadi gari la wagonjwa lilipokuja. Yokasta alikuwa anasali kwa sauti. Mimi nilinyanyua sufuria nikalipeleka garini nikalifunika na turubai. Sajenti ameniuliza kwa nini. Nilitaka kusema sijui, lakini najua. Nililificha.

Polisi walipofika walichukua masufuria ya njano yaliyobaki, na yote ni ya kilo kumi na sita kweli. Nereida alikuwa amefika, analia, akasema mumewe amenyanyua uzito huo mwaka mzima bila shida, kwa hiyo aliyemwangusha ni huyu mwalimu kwa kumlazimisha. Profe alijibu mara moja tu kwamba alimwambia ashushe. Kisha akatuangalia, mmoja mmoja, akingoja mtu aseme ndiyo. Wengi hawakuwa wamesikia kwa kelele za kuhesabu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Yokasta, ambaye ni nusu ya upana wangu, na bado nilijiona nimejificha. Wakamtia pingu.

Jana Jumatatu, saa kumi jioni, nilikwenda hospitali. Wascar ameamka, lakini daktari hajaruhusu polisi wamhoji. Daktari alisema mshipa mmoja wa moyo ulikuwa mwembamba tangu zamani na ungeweza kuziba siku yoyote. Nilitaka sana kulishika neno hilo "siku yoyote" niondoke nalo nyumbani. Nereida alinikuta kwenye korido.

Aliniambia, "Kompadre, hajali moyo. Anasema la njano limemshinda. Anasema amekwisha, lori amwachie mtu mwingine, yeye akae kibarazani. Ingia umwambie, wewe anakusikia."

Niliingia. Wascar aliniuliza kwa sauti ndogo, "Uliniona, sivyo? La njano." Hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa na haya. Mtu aliyenibeba mgongoni siku ya mafuriko alikuwa ananionea haya mimi. Nikamwambia apumzike, nikampangusa jasho, nikatoka.

Sajenti ameniuliza kwa nini sikumwambia pale pale. Woga, kwanza. La pili ni kwamba angenicheka. Nimemdanganya kwa miaka arobaini: nimemwambia ameshinda bahati nasibu, nimemwambia lori lake limeibwa na huku nimeliegesha mimi mtaa wa pili. Nikimwambia lilikuwa jekundu, atasema natunga uongo mwingine ili kumpoza. Kutoka kinywani mwangu hataamini kamwe. Ndiyo maana nimekuja kulisema mahali panapopigwa muhuri.

Naambiwa Profe anafikishwa kwa hakimu kesho. Hana kosa. Alimwambia ashushe, na aliyesema asishushe ni mimi. Sajenti amenieleza kwamba kwa maneno haya naweza kutoka shahidi nikawa mshitakiwa. Nimeelewa. Naomba jambo moja: nakala yenye muhuri, nimpelekee Wascar.

Hayo ndiyo niliyoyatenda na niliyoyaona. Nimesomewa, sikubadili neno, na nimetia sahihi kwa akili yangu timamu, hata kama wanaonijua watabisha.

(Sahihi) Eligio Mota Severino

MAELEZO YA OFISA

Maelezo haya yameandikwa na mimi kama yalivyosemwa. Kielelezo kimepokelewa: donge moja la saruji lenye mpini wa nondo, rangi ya njano, limekwaruzika ubavuni na chini ya mkwaruzo inaonekana rangi nyekundu. Kituo hakina mizani inayofaa. Lilipimwa kwenye bucha la jirani mbele ya shahidi na mwenye bucha: kilo ishirini na nne na robo. Nimemwarifu mwendesha mashitaka kuhusu mshikiliwa Caraballo, ameelekeza aachiwe leo.

Ombi la nakala limekataliwa kwa kuwa si utaratibu. Badala yake, kwa idhini ya daktari, nilikwenda hospitali saa sita mchana pamoja na shahidi, nikamsomea mgonjwa maelezo haya. Mgonjwa alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshikwa mkono na mkewe. Aliuliza uzito mara mbili, nikamjibu mara mbili. Kisha aliomba shahidi atoke nje. Shahidi alitoka, na ninapomaliza kuandika haya bado amekaa kwenye benchi la korido.

(Sahihi) Sajenti Altagracia Peguero