Kombi ya Kwenda Huab

Walvis Bay
6 Juni 2010

Baba yangu mpendwa,

Salamu kutoka huku kwenye ukungu. Mimi ni mzima, kikohozi kimekwisha, hofu yangu iko kwako na kwa huo mgongo wako. Unalala? Msalimie jirani Usiel na mkewe, mwambie bado namdai maandazi aliyonilia Pasaka.

Baba, nimepata kombi! Ilikuwa ya kanisa. Injini ilishakufa, lakini bodi haijaliwa na kutu, jambo ambalo kwa mji huu wa chumvi ni muujiza. Nitaitoa sehemu yake yote ya chini na kuikalisha juu ya chesisi ya Land Cruiser iliyolala nyuma ya karakana yetu. Wenzangu hapa chelezoni, tunapotengeneza meli, wananicheka, wanasema Adelheid anataka kumvika mbuzi miguu ya ngamia. Waache wacheke.

Sijasahau mazishi ya shangazi, wanaume walivyokubeba kukupakia kwenye pikapu ya Usiel, kofia ikaanguka, ukasema mbele ya watu wote, "Sibebwi tena. Mimi si gunia." Tangu siku hiyo hujatoka nje ya geti. Yule tandala aliyerukia lori lako alichukua miguu, sitaki achukue na mto wetu wa Huab. Mto ukishuka na maji mwaka huu, nitakufikisha hadi kwenye zizi letu la zamani pale Blouputs. Utapanda mwenyewe na kiti chako cha magurudumu, utashuka mwenyewe, na hakuna mtu atakayekugusa.

Ningepiga simu, lakini najua masikio yako uliyaacha kwenye mashine ya kuchimba visima. Nipimie basi: kutoka chini hadi goti ukiwa umekaa, hadi kiuno, hadi kichwa.

Mwanao,
Adelheid


Khorixas
2 Julai 2010

Adelheid mwanangu, mama,

Barua imefika. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu, huko chini siulizwi. Mbuzi ni wazima, wawili wamezaa mapacha. Baridi ya asubuhi inauma lakini jua likitoka tunasameheana.

Kuhusu vipimo, Usiel hana futi, ana kamba. Nimekutumia kamba yenyewe ndani ya bahasha. Fundo la kwanza ni goti, la pili kiuno, la tatu kichwa bila kofia, la nne kichwa na kofia. Hilo la tano ni la mbuzi, lilikuwepo tangu zamani, usilihesabu.

Usiel anasema ukinitengenezea gari kwa fundo la tano nitakaa na pembe.

Nimefurahi, mama. Nakwambia wazi kwa sababu barua haioni aibu. Nimewaza Blouputs hadi nikahisi harufu ya mchanga ukilowa. Miaka mingapi mto ule haujafika kwetu? Watu wa huku chini wameshaanza kuusimulia kama marehemu.

Lakini mbona usije kupima mwenyewe? Basi linatoka huko kila Ijumaa. Utakuja lini?

Baba yako


Walvis Bay
19 Septemba 2010

Baba mpendwa,

Habari za siku nyingi. Natumaini joto halijaanza kukusumbua. Mimi sijambo, isipokuwa macho yanawasha kwa kuchomelea.

Kamba ilifika, fundi mkuu wetu ameitundika ukutani kama cheti.

Bodi imekaa juu ya chesisi. Nimeinyanyua vya kutosha kupita mawe ya Huab bila kukwaruza tumbo. Tatizo ni kwamba sasa mlango uko juu mno. Niliweka ubao wa kupandia, nikapandisha kiti kitupu, kikarudi chenyewe kwa kasi hadi kikagonga mashine ya kukata chuma. Ningeushusha mteremko, ubao ungekuwa mrefu kuliko gari. Kwa hiyo naweka lifti ya umeme. Lifti inataka betri ya pili, betri ya pili inataka mahali pa kukaa, na mahali pekee palipobaki ni pale nilipokusudia kuweka tangi la maji. Sasa tangi linahamia juu. Unaona mambo? Ukigusa kimoja, vingine vinaamka.

Nimechomelea pia vyuma vinne sakafuni vya kukamatia kiti chako, na mikanda ya kukufunga kifuani na mapajani.

Likizo yangu ya mwezi wa kumi sitaweza kuja, karakana itakuwa tupu na nafasi chini ya gari ni yangu. Gari litakuwa tayari kabla ya mvua.

Mwanao,
Adelheid


Khorixas
24 Oktoba 2010

Mama,

Pole na macho. Osha kwa maji ya chai iliyopoa, bibi yako uliyerithi jina lake alifanya hivyo. Huku jua limekuwa na hasira, hata kuku wanatembea kwa kuchagua.

Nimemsomea Usiel habari ya mikanda. Akaniuliza, "Kifuani na mapajani? Huyo mtoto anakupeleka safari au mnadani?" Nimecheka, lakini mama, nina swali. Nikishafungwa pande zote hizo, nitageukaje kutazama nyuma? Wewe huujui vizuri mto ukishuka, ulikuwa mdogo. Maji hayaji kwa mbio kila mara. Mara nyingine kichwa chake kinakuja kwa mwendo wa mtu, kimebeba povu na vijiti, na sisi tulikuwa tunatembea mbele yake kinyumenyume, tukiutazama, hadi Blouputs. Baba yangu alisema ni adabu, mgeni hapewi mgongo.

Krismasi tutachinja yule dume mwekundu. Nitamwambia mke wa Usiel akutandikie chumba cha mbele?

Baba yako


Walvis Bay
16 Desemba 2010

Baba,

Hamjambo wote huko? Mimi niko salama, nimechoka tu.

Usinikasirikie. Krismasi chelezo kinafungwa, na winchi kubwa itakuwa haina kazi. Ni nafasi yangu pekee ya kunyanyua bodi nzima na kugeuza kiti chako kitazame nyuma kama ulivyosema. Nimekutumia kahawa, tambi na soksi kwa basi. Najua miguu haihisi, lakini baridi ikirudi itaingia hata pasipohisi.

Nibakizieni nyama ya kukausha.

Mwanao,
Adelheid


Walvis Bay
27 Januari 2011

Baba mpendwa,

Salamu. Natumaini barua hii imekukuta umekaa kivulini.

Nimejaribu lifti. Nilipakia mifuko ya saruji kwenye kiti hadi ikafika uzito wako, nikabonyeza. Ikapanda nusu, ikakwama, mifuko ikabaki inaning'inia hewani mpaka jioni. Nikawaza kama ingekuwa wewe, katikati ya Huab, umening'inia kama nguo. Nimeing'oa. Sakafu yote iko wazi sasa, naanza upya na mota kubwa zaidi.

Baba, redio imesema mvua zimepiga Kamanjab, huko juu mto unakoanzia, na mawingu hayaondoki. Nakuomba, usiende na mtu mwingine. Nipe wiki chache tu. Sijafanya kazi hii yote ili ukapakiwe tena nyuma ya pikapu. Nisubiri.

Mwanao,
Adelheid


Khorixas
21 Februari 2011

Adelheid mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi nimerudi.

Mto umeshuka.

Mtu wa huko juu mtoni alimpigia Usiel simu asubuhi, naye Usiel akapita mtaa mzima akipiga honi. Mimi nilikuwa na barua yako mapajani. Usiel akaja getini, akasimama bila kunigusa, maana alikuwepo siku ya mazishi. Nikamwambia, "Unashangaa nini? Nibebeni!" Wakanibeba, mama. Usiel, wanawe na mwalimu wa dini. Wakanikalisha juu ya godoro nyuma ya pikapu, mgongo kwenye kioo, uso kwenye lango la nyuma. Kofia ikaanguka. Nikawaambia iacheni.

Tuliingia kwenye mchanga mtupu kabla ya maji. Mwanzoni nilihisi mtetemo mkononi tu, kwa sababu masikio ndiyo haya. Kisha nikauona kwenye kona, wa kahawia, mvivu, umesukuma mbele mavi ya tembo, magogo na kandambili moja ya bluu. Usiel akaendesha polepole mbele yake na mimi nikautazama usoni. Watu walitembea kinyumenyume pande zote za gari, mke wa Usiel akipiga vigelegele. Wazee walilia. Mimi nililia. Tulikwenda hivyo kutwa nzima na ukafika Blouputs, mama, ukagusa mawe ya zizi letu.

Yote nilikuwa nayo isipokuwa wewe. Kila gari lililotokea ukingoni niliinua mkono, nikidhani ni kombi.

Utakuja lini?

Baba yako


Walvis Bay
1 Machi 2011

Baba,

Nimefurahi mto umeshuka.

Lakini ulisema hubebwi tena. Uliyasema mbele ya watu, nami nikayaamini, nikayachomelea kwenye chuma kila Jumamosi tangu Juni. Kumbe ilitosha godoro na Usiel. Ungenitumia neno mapema nisingehangaika.

Kombi nitaiuza.

Adelheid


Khorixas, hospitalini
30 Aprili 2011

Mwanangu,

Nimekaa kimya, si kwa hasira. Samahani kwa mwandiko. Naandika nimelala kifudifudi, uso umetoka nje ya ukingo wa kitanda, na karatasi iko chini, kwenye kigoda kilichoko sakafuni.

Chini ya lile godoro kulikuwa na kichwa cha bolti. Nilikikalia kutwa nzima nikishangilia. Wewe ungekihisi kabla ya kufika barabarani, mimi sikuwa na habari. Mke wa Usiel aliona damu kwenye shuka, na kufikia hapo nyama ilikuwa imeshaoza hadi karibu na mfupa. Daktari anasema nisikae mpaka kidonda kifunge, na inaweza kuwa mwaka, na kwa mwili wangu huenda kisifunge. Homa inakuja na kuondoka.

Usiel anakuja kila siku, anasimama mlangoni, analia, anarudi. Usimlaumu. Bolti ni yake, lakini aliyesema "Nibebeni" ni mimi. Nilijuta mara moja tu, uliponiandikia unauza kombi. Wewe ulikuwa sahihi kuhusu gari. Nami nilikuwa sahihi kuhusu mto, maana wamesema huko juu umeshakauka. Sijui mtu afanye nini na ukweli wa aina hii.

Wewe hujambo? Macho je?

Baba yako


Walvis Bay
9 Mei 2011

Baba yangu,

Nimesoma barua yako. Nisamehe kwa ile barua ya Machi.

Kombi sijaiuza. Niliimaliza Machi, kwa hasira. Lifti inapanda bila kutikisika. Kiti kina mto wa hewa, niliununua makusudi kwa ajili ya safari ndefu, ili usikae mahali pamoja ukaumia. Mto huo wa hewa ulikuwa kwenye rafu siku ile wewe ulipokuwa juu ya bolti. Kila nikiutazama natamani kuupiga teke.

Sasa sikiliza. Naanza kung'oa vile vyuma vinne. Nitatengeneza kitanda cha kulalia kifudifudi, kwa urefu wa dirisha, na mahali pa kuegemeza paji la uso. Mlango wa nyuma nitaukata wote niweke kioo. Mto ukishuka tena utautazama ukiwa umelala. Nipimie kutoka kidevuni hadi vidole vya miguu, mwambie Usiel atafute kamba. Nipe mwezi mmoja, Baba. Miwili ikizidi sana.

Mwanao,
Adelheid


Khorixas, hospitalini
18 Mei 2011

Adelheid, mama yangu,

Nimepata barua. Sipimwi.

Usinielewe vibaya, kazi ya mikono yako najivunia. Nimemwambia kila muuguzi hapa kwamba binti yangu amemvika mbuzi miguu ya ngamia. Wamechoka kunisikia.

Lakini nimezisoma barua zako zote upya, sina kazi nyingine. Kila mara nimekuuliza utakuja lini, na kila mara umenijibu gari litakuja lini. Unajua goti langu, kiuno changu na kichwa changu pamoja na kofia. Tangu mazishi ya shangazi hujanitazama usoni.

Siutaki mwezi mmoja. Sijui kama ninao.

Baba yako


Walvis Bay
25 Mei 2011

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimepewa nikiwa chini ya gari. Nimetoka.

Siku ya mazishi, kofia ilipoanguka, niliiokota na kukuvisha, na ukanitazama. Sikuliweza lile jicho. Chuma nakiweza, Baba. Kila nilipokata tiketi nilikumbuka kwamba nitakukuta umekaa pale getini, hujainuka kunipokea, nikapata sababu ya kurudi karakanani, na sababu kwenye kombi haziishi. Ningekuja Krismasi, tungekula yule dume mwekundu. Ningekuja Februari hata kwa miguu, ningetembea kinyumenyume pembeni yako, na labda ningepapasa chini ya lile godoro. Najuta, na sijui nikupe nini badala yake.

Ijumaa napanda basi. Sina gari, sina futi. Barua hii namkabidhi dereva wa lori la samaki itangulie, ili usishtuke.

Usihangaike kuinua kichwa nikiingia. Nitakaa sakafuni, hapo unapotazama.

Mwanao,
Adelheid