Nimekwenda Kupanda, Siyo Kupanda

Mama,

Nimepita chumbani, mko kwenye chai. Tiketi zenu za boti yenye sakafu ya kioo ziko chini ya kikombe. Meza dawa ya kichefuchefu kabla hamjashuka melini. Dada asiguse kofia yangu.

Haya, chekeni. Nimefika mapokezi na viatu vya mlima, nikakabidhiwa koleo! Matembezi niliyochagua ubaoni, “Kupanda Kisiwani”, kumbe ni kupanda mikoko. Dada alikuwa nyuma yangu: “Malenga mzima, neno moja limekushinda?” Nikamjibu papo hapo:

Nilidhani ni mlima,
kumbe matope na miche.

Kubadilisha naruhusiwa, ila sitaki. Nilisema napanda, nitapanda.

Baba, jana uliponiambia, “Nenda peke yako, goti langu limekataa vilima,” nilinuna. Nilidhani umechoka kutembea nami. Sasa huko kwenye mikoko ni tambarare tupu, na asiyeweza kuinama anapewa kigoda. ~~Msinisubiri mchana.~~ ~~Ukitaka, njoo.~~ Njoo, Baba. Basi liko gatini, nimemwambia dereva haliondoki bila wewe, na koleo lako nimelikalia.

Kitinda mimba wenu