Sehemu ya Pili ya Walinzi wa Korongo

Awindiri, Arua
11 Februari 2025

Mjomba wangu Taban,

Pokea salamu zangu. Natumaini kifua kimetulia na kikohozi cha vumbi kinakuacha ulale. Mimi sijambo, ila nimekonda kidogo. Mama mwenye nyumba ameuliza kuna nini, nikamwambia ni joto.

Nakuandikia kwa karatasi, na Lodu dereva ataileta, kwa sababu nikipiga simu nikiwa dukani Madam Phiona mwenye duka husikia yote. Unajua tunauza vile vitofali vya plastiki vya watoto kuunganisha, vinavyotengenezwa kwa kufuata sinema. Tumebaki na rafu moja ya kuviweka. Madam anataka nimwandikie kabla ya Ijumaa tuagize mfululizo upi kwa mwaka huu, Majoka au Walinzi wa Korongo. "Wewe ndiye uliyesoma," ameniambia. "Chagua. Ukikosea, najua pa kukupata."

Wateja wa hapa Arua wanapenda Majoka. Lakini wachuuzi wa Koboko, na akina Marino wanaovusha bidhaa mpakani hadi Yei, wanauliza Korongo tu. Wala hawalitaji jina lake. Wanasimama mlangoni: "Karani, ile ya Afedra iko?" Afedra ni jina ulilompa wewe yule nahodha wa kike, unapotafsiri sinema kwa kipaza sauti kibandani kwako. Kwenye boksi ana jina la Kizungu ambalo hakuna mteja anayelijua.

Mara ya mwisho nilipokuja ulitangaza kwamba sehemu ya pili inakuja. Ni kweli, Mjomba? Sinema ikiwa na sehemu ya pili, vitofali vyake huendelea kuletwa. Nimetafuta habari zake, sijaona kitu. Naogopa kuandika jambo nisilolijua.

Mpwa wako,
Ezati

*

Koboko
13 Februari 2025

Mpwa wangu Ezati,

Tumeipata barua, na sisi wazima. Mkaza mjomba wako Santa anauliza kama unakula chakula au unakunywa chai tu. Kifua changu ni kilekile, kinakohoa wakati wa mapigano, na watu wanadhani ni sehemu ya sinema.

Sasa wewe, unaogopa karatasi? Andika! Sehemu ya pili iko inakuja. Ile sinema inaishaje? Afedra amefunga lango la korongo, watu wake wako ndani, giza linaingia, halafu mkono unagonga kutoka nje. Gonga, gonga, kwisha. Mutu gani mwenye akili anamaliza sinema kwa kugonga, halafu hafungui? Mimi naonyesha sinema tangu wakati wa kanda. Nimeona zinazoishia kwa harusi, kwa mazishi, kwa ndege kulipuka. Hii haijaisha.

Majoka nimeonyesha zote tano. Watu wanakula karanga, wanakwenda nyumbani. Hakuna anayeniuliza kesho yake joka limelala wapi. Lakini sokoni wananisimamisha: "Taban, nani anagonga?" Alice anayeuza mandazi mlangoni kwangu anasema ni mume wa Afedra, amerudi kutoka Juba mikono mitupu, anaona haya kusema jina.

Na jengo hili, kama unavyojua, ni la huyo Madam wako. Kila akipita anapima kuta kwa macho. Anataka kuweka mifuko yake ya saruji humu. Basi naye ajue kwamba Koboko kuna kitu watu wanakipenda.

Mjomba wako,
Taban

*

Awindiri, Arua
3 Julai 2025

Mjomba,

Salamu kwako na kwa mkaza mjomba. Lodu ananiambia mahindi yenu ya shamba la Midia yamesimama vizuri na wewe bado unakohoa. Usininunie kwa kimya changu. Kila nikianza kuandika nilikuwa nasikia viatu vya Madam kwenye ngazi.

Walinzi wa Korongo wamekwisha. Nasema mfululizo wenyewe umefungwa, kwa sababu maboksi tunayo mpaka nyuma ya kiti changu. Vile vinyago vidogo vya Afedra peke yake vilinunuliwa vyote, vikaja huko kwenu. Yale makubwa, yenye mawe na lango, tuliyaagiza kwa ushauri wangu, yasubiri sehemu ya pili. Nani atayataka sasa?

Nilimwuliza muuzaji wa Kampala anayetuletea bidhaa kwa nini, swali nililopaswa kuuliza Februari. Alinijibu kwa adabu, siku ileile. Anasema kiwanda hupewa ruhusa na wenye sinema kwa miaka kadhaa. Miaka ikiisha, wanaangalia kama kuna sinema mpya njiani. Sehemu ya pili haikutengenezwa kamwe, Mjomba, wala haitatengenezwa, maana ya kwanza haikujaza kumbi za huko kwao. Basi ruhusa haikuongezwa. Majoka wamefika sinema ya sita, na hata mtoto ambaye hajaona hata moja akiliona joka dirishani analitaka. Kuna mifululizo mingine inayodumu kwa sababu baba aliyeichezea utotoni sasa anamnunulia mwanawe. Lakini boksi la Korongo, anasema, kwa mtu asiyejua hadithi, ni mawe ya kijivu na mwanamke amesimama.

Madam hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliuliza, "Nani alikuambia sehemu ya pili inakuja? Hukuota. Niandikie jina." Nisipoliandika, kazi imekwenda. Alilisema hilo mbele ya Jovia wa kaunta, ambaye alijifanya anapanga penseli. Nikiliandika, najua kibanda kitakuwa stoo ya saruji kabla mvua hazijaisha.

Wewe ulisikia wapi?

Mpwa wako,
Ezati

*

Koboko
7 Julai 2025

Ezati mwanangu,

Salamu. Tuko wazima, lakini nyumba imepoa tangu barua yako. Santa ameisoma mara mbili, halafu akaniwekea chakula, na barua akaiweka kando ya sahani. Unamjua.

Hakuna aliyeniambia. Kibanda kilikuwa kinakauka. Vijana siku hizi sinema wanayo kwenye simu, wanatazama wakiwa wamelala. Jumamosi moja niliona mabenchi matupu, nikachukua kipaza sauti, nikasema sehemu ya pili iko njiani, msikose wiki ijayo. Wakaja. Nikasema tena. Ulipoandika kuniuliza, tayari nilikuwa naingoja mimi mwenyewe. Kulala silali, naiwaza. Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu.

Nitaje. Mimi ni mutu mzima, saruji haitaniua. Wewe ndiyo unaanza.

Juzi Jumamosi niliwaambia. Nilionyesha sinema, mkono ukagonga, nikazima, nikasema huu ndio mwisho, nyingine hakuna, niliwadanganya. Nilingoja matusi. Sule wa boda akasema, "Rudisha karanga zangu nilizokula." Wakacheka kidogo. Halafu Alice akasimama pale mlangoni na beseni lake: "Sawa, hakuna. Lakini nani iko anagonga?" Nikasema sijui. Hakuna aliyeondoka. Walitoka jenereta ilipoishiwa mafuta.

Mwandikie Madam jina langu. Taban, kwa herufi kubwa.

Mjomba wako

*

Awindiri, Arua
19 Julai 2025

Mjomba Taban,

Habari za nyumbani? Mimi sijambo, na safari hii ni kweli, nimelala usiku mzima.

Nimemwandikia Madam, na sikukutaja. Niliandika kwamba kazi ya karani ni kuuliza kwanza, na mimi sikumwuliza muuzaji wa Kampala, ambaye angenijibu siku hiyohiyo. Kwamba kosa ni langu. Usidhani nilikuficha kwa uongo. Nimeisoma mara nyingi barua niliyomwandikia, nikitafuta uongo ndani yake, sikuuona.

Alisoma amesimama. Kisha akasema, "Ezati, mwezi wa tatu nilikuwa Koboko kuangalia jengo langu. Sauti ya mjomba wako inafika barabarani, akitangaza sehemu ya pili. Nilijua. Nilitaka kuona utaandika nini."

Nilifikiri ndiyo heri yenyewe, amenisamehe. Nikaanza hata kutabasamu. Akaendelea, "Anayenificha jina leo, kesho atanificha boksi. Maliza mwezi huu, uende." Nilikuwa na mengi ya kusema, nimesomea kuyasema. Nilijibu, "Ndiyo, Madam."

Kuhusu kibanda, anasema utakaa mpaka Desemba, kwa sababu kwa sasa biashara ya saruji hailipi. Baada ya hapo hakuahidi kitu. Mshahara wangu wa mwisho amenilipa kwa yale maboksi makubwa ya Korongo. "Wewe si unaamini yatanunuliwa?" Jovia alinisaidia kuyafunga kwa kamba, akalia kidogo, akasema ni vumbi.

Lodu anayaleta kesho. Yaweke penye ukavu. Nami nitakuja mwezi ukiisha, kama Santa ana mahali pa kunilaza. Nimechoka, Mjomba.

Ezati

*

Koboko
27 Julai 2025

Ezati, mwana wa dada yangu,

Salamu nyingi. Kifua bado kinakohoa, jenereta nayo inakohoa, tunajibizana. Santa amefagia kile chumba cha nyuma na kufukuza kuku. Anasema ukija usimwambie mtu yeyote umekonda kwa joto.

Maboksi yamefika. Ulisema niyaweke penye ukavu, lakini moja nililifungua, utanisamehe. Jana tulijenga lango juu ya meza, mimi na Sule, tukifuata zile picha. Sule aliweka mlango juu chini. Tulipomaliza tuliliweka mbele ya taa ya projekta, bila sinema, na kivuli chake kikajaza shuka lote la sinema.

Watu hawakujaa. Benchi la nyuma lilikuwa tupu. Lakini watoto walikuja na wale Afedra wadogo mliotuuzia, kila mmoja na wake mfukoni, na kila mmoja alitaka awe yeye anayegonga. Basi hiyo ndiyo ikawa sehemu ya pili: Afedra wote wamejipanga nje, wanagonga, na ndani hakuna hata mutu wa kuwafungulia. Nikainua kipaza sauti. Alice akapiga kelele kutoka mlangoni, "Taban, fungua wewe, korongoni mvua inanyesha, wanalowa!" Nikafungua kwa kidole.

Walipotoka waliniuliza sehemu ya tatu inakuja lini. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, Ezati, maneno yalikuwa hapa. Nikawaambia sijui. Nikawaambia karani wetu anarudi mwisho wa mwezi, na yeye hasemi kitu mpaka aulize kwanza.

Njoo na blanketi, usiku kuna baridi.

Mjomba wako,
Taban