Faili Lenye Jina Lako

Dada mpendwa,

U mzima huko? Na wenzako kazini je? Sisi hatujambo. Goti la mama linamsumbua kila akipanda ngazi, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote: tangu barua yako ifike, jengo zima limeshajua kwamba binti yake anaacha kukata tiketi na sasa atashika usukani wa basi la kampuni. Hata mwenye duka la vifungo amenipongeza. Nilicheka naye.

Soma barua hii ukiwa peke yako, tafadhali, na ufike mwisho kabla hujanitukana.

Unakumbuka nilivyohangaika na bei ya dawa zangu za kifafa baada ya baba kufariki. Nilianza kumeza nusu kidonge, halafu nikawa naruka siku, nikijidanganya kwamba mwili utazoea. Wapi! Nilianguka juu ya cherehani mbele ya mteja, sindano ikapita kwenye kidole, gauni la harusi la watu likaloa damu. Tangu hapo, miaka miwili sasa, sijakosa kidonge hata kimoja. Ulipouliza ninazipataje, nilikujibu kwamba ushonaji unalipa, nawe ukanisifu. Dada, ushonaji haulipi kiasi hicho.

Ulipohama uliacha kadi yako ya bima kwenye kabati la mama, ukasema wewe na ugonjwa hamjuani. Sura zetu zinafanana sana. Nilivaa blauzi yako, nikaenda kliniki, nikaitwa kwa jina lako, nikaitika. Dawa nikapewa bila kutoa hata senti. Mama hajui mpaka leo.

Juzi nesi alinishika mkono kwa furaha. Aliniambia hongera, kampuni imeomba nakala ya faili langu kwa ajili ya kazi ya udereva, na itatumwa Ijumaa. Kwenye faili hilo mwenye kifafa ni wewe, na hakuna kampuni itakayomkabidhi mwenye kifafa basi lililojaa watu.

Sitakuficha: nilinyamaza siku mbili nzima. Nilikuwa nimebakiwa na vidonge vinane, na niliogopa. Leo Alhamisi asubuhi nimeingia kwa daktari nikasema yote. Alikasirika mpaka akavua miwani. Kadi ameichukua. Faili amelizuia lisitumwe, lakini amesema watu wa bima lazima waambiwe, na utaitwa kuulizwa. Wakikuita, usinitetee. Sema hukujua, maana hukujua.

Kisha akavuta faili jipya na kuniuliza jina langu. Ameniandikia dawa ya zamani ambayo bei yake naiweza. Inaleta usingizi, na daktari mwenyewe hana uhakika kama itanizuia kuanguka. Nilipoona ameandika jina langu, na mbele yake kifafa, nililia kama mtoto. Miaka miwili nimekutwika ugonjwa wangu, nawe huna habari.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nijibu hata kwa matusi, ila nijibu upesi, nijue kama kazi bado unayo au nimekuharibia.

Mama anakusalimu sana. Bado sijamwambia. Leo amenunua fremu ya kuwekea picha utakayopiga ukiwa umeshika usukani.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi wa cherehani