Jina Nililomnong'oneza Karani wa Posta

Iyunga, Mbeya
Jumamosi

Mdogo wangu mpendwa Kabula,

Pokea salamu zenye joto, ingawa vidole vinavyoziandika vimekufa ganzi kwa baridi ya huku. Mama ameamkaje? Bado anauliza kila jioni kama nimefika? Mwambie hundi yako ya posta nimelipwa, nauli ninayo mfukoni! Ila nusura mtamba uliyemuuza kupata nauli hiyo apotee bure, na kosa lingekuwa langu.

Leo asubuhi nilipanga foleni Posta, hundi mkononi. Nyuma yangu akasimama bwana mmoja mwenye koti safi. "Mwangaluka, baba!" Kabula, tangu nihamie Usangu na ng'ombe, salamu hiyo ya kwetu naisikia kwa wanangu tu. Nilifunguka kama lango la zizi.

"Lete nikushikie hundi, baba. Nani kakutumia?"

"Mdogo wangu."

"Kajiandika jina gani?"

Nawe ulishanionya kwa barua: hundi haina jina la mtumaji; karani atauliza, na anayelijua ndiye anayelipwa. Hundi nilikwishampa. Na jina lile la utotoni ulilojiandika, nililokupa mwenyewe tukichunga ndama, lilikuwa likiniwasha ulimi.

Ndipo karani, mama mmoja mwenye miwani, akagonga kioo. "Wewe mzee! Dirisha hili nalilinda mimi. Mdomo wako anaulinda nani?"

Foleni nzima ikacheka. Nikanyoosha mkono, nikaidai hundi yangu. Yule bwana akanirudishia, akaondoka bila kununua hata stempu. Huenda alikuwa mwema. Sitajua, wala sikutaka kujua kwa bei ya mtamba.

Zamu yangu ilipofika niliinama, nikanong'ona. Karani akatazama karatasi yake, akaangua kicheko.

"Hili nalo jina la mtu mzima?"

"Mama, alipopewa alikuwa na miaka mitano."

Akanilipa huku bado anacheka.

Alhamisi napanda basi! Nitalala Iringa, pale Kihesa kwa binti yangu Milembe, kisha Dodoma, kisha nyumbani. Nisalimie shemeji, mumeo, na shangazi yetu anayemwogesha Mama.

Jina lenyewe siliandiki humu, maana bahasha nazo hufunguliwa njiani. Nitalitamka mlangoni kwako, kwa sauti, Mama alisikie ajue nani amefika.

Ni mimi, kaka yako wa tumbo moja,
Masanja