Sikio Alilolisahau Mzee

Kwa Kaka yangu, Mtunga Mashairi,

Shikamoo. Naanza na shikamoo usije ukasema nimeota mapembe tangu uondoke. Adabu ninayo, ila siitembezi ovyo. Hali yako huko? Unakula? Unalala kitandani au juu ya madaftari? Na lile sikio lako la kushoto lenye pengo, halijambo? Mama ameniagiza nikuulize hali kiungo kwa kiungo, nami nimeanzia sikioni kwa sababu ndicho kiungo chako pekee chenye historia.

Sisi huku tunasukuma siku. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini ulimi uko imara na anakusalimu mno. Mzee naye yupo. Hajatuma salamu, sitakudanganya, ila nilipomwambia nakuandikia hakunikataza, na wewe unamjua: Mzee asipokataza ni kama mtu mwingine kapiga vigelegele. Mimi ndiyo usiulize. Tangu mimi na shule tuachane kwa hiari ya pande zote mbili, nimekuwa fundi kamili. Ulizia mtaani pua ya sanamu inachongwa na nani. Ukisikia jina jingine, huyo aliyekujibu ni mgeni.

Sasa kaka, nakuandikia kwa sababu kichwa changu kimevurugika, na wewe ndiye msomi wa familia. Mambo yaliyotokea hapa karakana siyaelewi hata nikiyageuza juu chini. Nayaweka mbele yako yalivyo.

Alikuja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kisogo. Akasema wanafungua ukumbi wa kusomea, na ukutani wameacha vidaka vya kuweka sanamu za vichwa: washairi na wenye fikra, kuanzia wa kale kabisa mpaka wa enzi za babu zetu. Mzee akamuuliza kama ana picha zao. Mwalimu akacheka, akasema wengi wao walikufa kabla mtu hajawaza kitu kinachoitwa picha. Alicho nacho ni maisha yao tu.

Basi akawa anakuja kila alasiri, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatusimulia maisha ya watu huku sisi tunakanda udongo. Kaka, hapo ndipo kizunguzungu changu kilipoanza. Kulikuwa na mwenye fikra mmoja aliyetumia umri wake wote kuuliza wakati ni kitu gani, na kila alipoitwa mahali alichelewa. Kulikuwa na mama mmoja mshairi, wa enzi za wafalme, aliyetia jina la mumewe kwenye tungo zake zote, na mume akawa anatuzwa zawadi hali hajui hata vina ni nini. Kulikuwa na mwingine aliyesema vitu vyote ni kitu kimoja. Nikamwambia Mwalimu kwamba huyo angekuwa mteja mzuri sana, tungempa kichwa kimoja tukamwambia ndivyo vyote. Mwalimu alicheka mpaka miwani ikadondokea kwenye udongo. Mzee hakucheka. Akaniambia nikande.

Nilijitahidi kuwashika, lakini karne zao zilinichanganyikia kichwani kama nguo za familia nzima kwenye beseni moja. Siku moja nilimtia yule mama ndevu, ndevu nzuri za mawimbi, kwa sababu nilidhani ni yule wa kuchelewa. Mwalimu akasimama mbele yake, akauliza kwa upole kama kuna habari mpya za utafiti zisizomfikia.

Kwa kuwa sura hazijulikani, Mzee alifanya vilevile kama siku zote: akaziazima kwa marehemu wetu. Yule wa wakati ana sura ya babu, na ukimtazama vizuri utaona anataka kukuuliza kwa nini umechelewa. Yule mama mshairi ana sura ya bibi, baada ya kunyolewa. Wa vitu vyote ni yule muuza mkaa aliyekuwa jirani yetu, Mungu amrehemu, na mjane wake alikuja kumtazama, akasema maisha yake yote hakuwahi kumwona amenyamaza hivyo.

Unazikumbuka sheria za Mzee, lakini nazirudia kwa sababu ndizo zilizoniponza. Ya kwanza, hatufinyangi sura ya aliye hai. Husema sura ya aliye hai bado iko jikoni, ukiipakua mapema mwenyewe atakuja kulalamika chumvi. Ya pili, macho ya vichwa vyetu hayana mboni. Yanaachwa laini kama yai, kwa sababu aliyekufa hamtazami mtu. Nimelelewa na sheria hizo kama ulivyolelewa wewe, mpaka siku ile uliposimama mlangoni na begi lako ukamwambia kwamba vichwa vyake ni vitupu ndani, na wewe hutaki kumaliza umri wako ukipiga msasa utupu. Naye akakwambia utoke na ukaujaze huo wako. Mimi nilikuwa nyuma ya pipa la maji, nilisikia yote. Tangu siku hiyo jina lako halijatoka mdomoni mwake. Kitu kimoja tu kigeni: amekuwa mnunuzi wa lile gazeti linalotoa mashairi yako. Anasema ni la kufungia vichwa. Lakini mimi ndiye ninayevifunga, kaka, na ukurasa wa mashairi sijawahi kuufikia. Kila gazeti linalonifikia lina pengo kama sikio lako.

Turudi kwenye kazi. Kilibaki kichwa cha mwisho. Mwalimu akatusimulia kwamba huyo alikuwa mshairi kijana wa zamani sana aliyefukuzwa nyumbani na baba yake kwa sababu ya tungo, akazunguka miji ya watu, na tungo zake zikafika nyumbani kabla yake, kwa midomo ya wapita njia. Nikamuuliza kama yule baba alijuta. Mwalimu akasema hapo wasomi wanabishana, wengine ndiyo, wengine hapana. Mzee alikuwa amenipa mgongo. Akasema huyu atamfanya mwenyewe, na nisiguse.

Kaka, mimi kuambiwa nisiguse! Siku zote hizo alifanya kazi kule pembeni, na kila alipomaliza alimfunika kwa kitambaa kibichi ili udongo usikauke. Nikachungulia nikafukuzwa. Nikajifanya nafagia nikafukuzwa na ufagio wangu. Hadi asubuhi moja alipotoka kwenda kununua plasta, nami nikakifunua.

Macho yalikuwa na mboni.

Nakuapia, sikutazama kitu kingine. Niliona mboni mbili zimechimbwa kwa ncha ya msumari, nikasema moyoni, masikini Mzee, uzee umeingia. Kasahau sheria yake mwenyewe. Nikaona nimsaidie kimyakimya asije akaaibika mbele ya Mwalimu. Nikachukua udongo laini, nikaziba jicho la kulia, nikaziba la kushoto, nikalowesha kidole gumba nikasawazisha vizuri kabisa. Kazi safi, hata wewe ungesifu. Kisha nikarudi nyuma kidogo kuitazama kazi yangu, nikakuona wewe.

Wewe mtupu, kaka. Paji lako la uso, mdomo wako wa kubishana, na macho laini kama yai. Umekufa.

Nikafikiri basi, habari imefika, Mzee anaijua na amekaa nayo peke yake. Maana sheria ni sheria, hatufinyangi aliye hai. Nikakimbilia ndani nikamkuta mama anachambua mchele, nikamuuliza bila hata kuvuta pumzi kama kaka amekufa na mnanificha. Najua, najua. Mtu mwenye akili angeanza mbali. Sinia lilimponyoka mama, akatoka peku hadi karakana na yale magoti yake, akamwona, akakaa chini sakafuni katikati ya vumbi la plasta, akakishika kile kichwa mashavu kwa viganja viwili.

Ndivyo Mzee alivyotukuta. Alisimama na mfuko wa plasta begani asiutue. Mama akamuuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, mwanawe amefia wapi, na nani alimzika. Mzee akamtazama mama, akakitazama kichwa, akanitazama mimi. Akatua mfuko polepole.

"Nani amemfumba macho?"

Nikasema ni mimi. Nilingoja kofi, hata shavu nilikuwa nimeshalitayarisha. Hakunipiga. Alipiga magoti pale kando ya mama, akatoa msumari mfukoni, akaanza kuzichimbua mboni upya. Mkono wake, kaka, mkono ule unaoweza kuchonga kope, ilibidi aushike kwa mkono mwingine. Alipomaliza akamwambia mama kwamba kijana ni mzima, tungo yake imetoka juzi tu, na mwisho wake una makosa ya mizani. Mama akalia upya, sasa kwa namna nyingine, akampiga Mzee begani kwa ngumi. Mimi nikasimama kama mlingoti. Kama wewe ni mzima, kwa nini umefinyangwa? Na kama umefinyangwa, kwa nini una macho? Niliuliza, nikaambiwa nikaokote mchele.

Alasiri Mwalimu akaja kukagua udongo kabla haujatiwa kwenye kalibu na kugeuzwa plasta, kama kawaida ya wateja. Akavisifu vyote, akafika kwa huyu akasita. Akasema kwa heshima zote kwamba fundi amepotea kidogo, maana mshairi huyu alifukuzwa akiwa kijana, lakini alikufa mkongwe, na ukumbini wanamtaka mkongwe. Tena hawa wote wametulia, huyu mbona anatazama mlango kama anayetaka kuingia? Nikadhani Mzee atabisha. Akasema tu kwamba Mwalimu ana haki, na kwamba atamfinyanga mwingine kwa sura ya yule kinyozi marehemu, aliyekuwa na mikunjo ya kutosha washairi wawili. Mwalimu akauliza huyu je, atavunjwa? Mzee akasema huyu hauzwi.

Basi vichwa vyote vimeshapelekwa, kinyozi naye yuko ukutani na tungo zake. Wewe umebaki. Na hapa ndipo penye fumbo lililonifanya nichukue kalamu. Udongo, kama unavyojua, hauna subira. Ukiuacha unapasuka. Mzee angekutia kwenye kalibu siku nyingi, ukawa plasta, tukapumzika. Hataki. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, analowesha kitambaa na kukufunika, na mchana akifanya kazi anakufunua, uso kwenye mlango. Juzi nikamuuliza anangoja nini.

Akaniambia kichwa hakijaisha, bado sikio.

Nikatazama. Kweli, masikio yote mawili yapo mazima, hayana pengo. Nikamuuliza kwa nini asilitie, kazi ya dakika. Akawa anafuta mikono, kidole kimoja kimoja, hata vilivyokuwa safi.

"Nimesahau ni sikio lipi. Na mimi sifanyi sikio bila kuliona."

Nikafungua mdomo nimwambie ni la kushoto. Mama, aliyekuwa ameleta chai, akanikanyaga mguu. Kwa kisigino, kaka. Nikafunga mdomo.

Sasa niambie wewe unayeishi kwa kufikiri. Yeye ndiye aliyekuwepo lile bati lilipokukata. Yeye ndiye aliyelibana sikio lako kwa shati lake njia nzima hadi kwa daktari, akikwambia usilie, na shati lile hadi leo ndilo analofutia kalibu, doa halijatoka. Mimi nilikuwa sijazaliwa na ninajua ni la kushoto. Jirani wanajua. Amesahauje? Na mama anayejua kama mimi amekaa kimya, anamtazama mumewe akinywa chai kana kwamba amesema neno kubwa. Hawa wazee wetu wawili wamekuwa wagumu kuliko wale wenye fikra wote wa Mwalimu, na mimi mwenye kumbukumbu nimeambulia kukanyagwa.

Nimechoka kufikiri. Nakuomba unijibu haraka ni sikio gani, tumalize kazi. Au kama ni kweli washairi hamna hata pesa ya bahasha, basi lilete lenyewe, Mzee alitazame. Ila usikawie. Joto limeanza, kitambaa kinakauka upesi, na jana niliona ufa mdogo kama unywele chini ya kidevu chako. Mzee aliuziba kwa kidole, akabaki ameuegemeza mkono hapo muda mrefu, kama mtu anayepima homa.

Mama anasema mlango wa karakana sasa hatuufungi mchana, kwa ajili ya hewa. Hivyo ndivyo alivyosema, kwa ajili ya hewa. Wasalimie wenzako wa vina na mizani, na huyo anayekukopesha wino. Nakutakia afya ya mwili wote, hasa upande wa kushoto.

Mimi mdogo wako mtiifu inapobidi,

Kidomo, Fundi wa Pua